Gari lenye mabawa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako aliyebashiri kwamba karibuni sote tutakwenda kazini kwa magari yarukayo. Mmarekani Molt Taylor aliirusha Aerocar yake mwaka 1949, akapata idhini ya serikali mwaka 1956, na juu ya ustadi ule wa mabawa kukunjwa yakakokotwa nyuma kama tela, hazikuundwa ila 6. Kwani chombo cha angani hutaka wepesi, ilhali cha barabarani hutaka uzito wa kustahimili mashimo. Tena dereva aliyezimikiwa injini barabarani husogea kando akafungua boneti. Yule wa angani hana kando. Nami, wallahi, nimekwisha kupanda daladala iliyofungwa mlango kwa kamba, na sitamani kuiona ikipita juu ya paa langu la makuti.

Wasalaam,
Msomaji wako, Tanga