Mapazia ya magunia ya chakula cha kuku

Kuna watu wanaosema mkristo wa kweli hachekicheki ovyo, na kwamba aliyekimbia vita akionekana anacheka basi shida yake si kubwa. Mimi ninakataa yote mawili, na shahidi wangu anatoka mbali: Flannery O'Connor, mwandishi wa Kusini mwa Marekani.

Alizaliwa mwaka wa 1925 katika jimbo la Georgia, binti wa familia ya kikatoliki kati ya majirani wengi waprotestanti. Akiwa mtoto alifundisha kuku wake kutembea kinyumenyume, mpaka watu wa sinema wakaja kumpiga picha. Akiwa bado kijana alishikwa na lupus, ugonjwa uleule uliomuua baba yake mwaka wa 1941. Akarudi kukaa na mama yake shambani, karibu na mji wa Milledgeville. Huko alikwenda misa, akafuga tausi, na kila asubuhi akaketi kuandika. Alitembea kwa magongo, na katika barua kwa rafiki zake aliyafanyia mzaha magongo hayohayo. Alikufa mwaka wa 1964, akiwa na miaka 39. Nani atasema mama huyu alicheka kwa sababu hakuwa na shida?

Hadithi yake moja inatuhusu sana. Inaitwa The Displaced Person. Baada ya vita vya pili vya dunia, padri mzee analeta familia ya wakimbizi kutoka Poland kwenye shamba la mjane mmoja. Kabla hawajafika, mwenye shamba na mke wa mfanyakazi wake wanashona mapazia kwa magunia ya chakula cha kuku. Magunia mekundu hayatoshi, basi pazia moja linakuwa la kijani. Mwenye shamba anasema hana fedha za kununua mapazia. Mwenzake anamwuliza kama kweli watu wale wanajua hata rangi ni nini.

Utacheka. Halafu utajiuliza ni wapi umeshasikia maneno kama hayo. Kwenye foleni ya maji? Mlangoni mwa kanisa, siku ya kugawa nguo? Wako wanaodhani mtu akipoteza nyumba amepoteza na akili, hajui tena tamu na chungu. Yule aliyekuwa mwalimu kijijini kwake anaongeleshwa kama mtoto.

Mgeni yule anajua mashine na anafanya kazi kuwashinda wote. Kwanza anasifiwa, baadaye anaogopwa na kuchukiwa. Mwisho trekta inamwendea, watatu wanaona, hakuna anayepiga kelele. Sehemu hiyo haichekeshi hata kidogo. Mimi naona ndiyo sababu alituchekesha kwanza: tungehubiriwa tungesema hayo ni ya wengine.

Simfanyi mama huyu mtakatifu. Katika barua zake kuna maneno mabaya juu ya watu weusi, na mwaka wa 2020 chuo kikuu cha Loyola, katika jimbo la Maryland, kilitoa jina lake kwenye jengo lao moja. Lakini hadithi ile inawakamata wakristo wa aina yake hasa, wenye heshima zao.

Na kwenu mliohama, ninyi mnaosikiliza mkiwa chini ya hema au katika chumba cha kuazima: chekeni bila kuomba ruhusa. Nimesikia akina mama wakifanyia mzaha unga wa msaada mpaka machozi yakawatoka, na jioni haohao wakapiga magoti kusali. Mchungaji anayewakemea kwa kicheko hicho aje kwanza alale usiku mmoja kwenye hema linalovuja.

Kwa wenyeji na kamati za makanisa nina ombi moja dogo. Mkikusanya tena nguo na sufuria, mwiteni mmoja wa waliohama aketi kwenye kamati, aseme wanakosa nini. Na kama ni mapazia, mwulizeni anapenda rangi gani.