Injini ya gari lako ichaguliwe na mzigo wako, siyo na dalali



Kuna swali halikauki kwa wauzaji wa mtandaoni hapa mjini: "Nina familia, nafanya delivari mwenyewe, nataka gari dogo. Nichukue cc ngapi?" Majibu huwa mawili. Wa kwanza atakwambia chukua cc 990, hainywi mafuta. Wa pili atakwambia achana na vigari hivyo, chukua 1.5 uwe na nguvu. Wote wamejibu bila kukuuliza unabeba nini na unapita wapi.

Msimamo wangu ni huu: chagua injini kwa mzigo na njia ya siku zako za kawaida. Usichague kwa safari moja ya Desemba ya kwenda kijijini na familia. Gari linalokulisha ni lile la Jumatatu mpaka Jumamosi.

Tuangalie aina tatu za wauzaji.

1. Unauza vipodozi, pochi, simu. Mzigo unachukua Kariakoo, unapeleka Posta, Upanga, Sinza, Mikocheni. Ndani ya gari huna hata kilo 30, na muda mwingi umekaa kwenye foleni. Hapo injini ya 1.0 inakutosha kabisa. Passo au Vitz yenye 1KR-FE ni cc 996, silinda 3. Ikitetemeka kidogo ukisimama kwenye taa usishtuke, injini za silinda 3 ndivyo zilivyo. Kulipia 1.5 ili ukae nayo foleni ya Msimbazi ni kuchoma mtaji. Na kama oda ni kifurushi kimoja tu, mpe bodaboda, gari libaki limepaki.

2. Unauza samaki wa Feri. Alfajiri uko mnadani, unasafishiwa samaki, unajaza maboksi na barafu. Boksi mbili zilizojaa zinafika kilo 100 bila shida, ongeza na msaidizi. Halafu unavuka na pantoni kwenda Kigamboni, au unapandisha Goba na Kimara, na jua hili AC huzimi. Hapa 1.0 inaanza kuonewa. AC inakula sehemu ya nguvu ya injini, mzigo unakula nyingine, kinachobaki ni wewe kukanyaga mafuta mpaka chini. Injini ndogo inayokanyagwa hivyo kutwa nzima haikupi tena ile nafuu uliyoifuata. Kwa mtu huyu nasema 1.3. IST yenye 2NZ-FE, cc 1298, ni chaguo la heshima. Na kwenye foleni ya pantoni, zima injini. Mafuta ya kusimama hayalipwi na mteja yeyote.

3. Unauza nguo za mabelo, vyombo, unatuma mikoani. Unajaza gari Kariakoo, unapanda Morogoro Road mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, karibu kila siku. Jioni gari hilohilo linabeba watoto watatu. Hapo nenda 1.5 bila aibu. Spacio, Raum au IST yenye 1NZ-FE, cc 1496. Mafundi wengi wanaijua injini hii na spea zake ukienda Gerezani hukosi.

Sasa tupige hesabu. Huu ni mfano, weka namba zako. Tuseme unatembea km 1,000 kwa mwezi mjini. Gari la 1.0 likikupa km 12 kwa lita, unatumia lita 83. La 1.5 likikupa km 9, unatumia lita 111. Tofauti ni lita 28. Lita ikiwa sh 3,000, hiyo ni sh 84,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Kwa muuza pochi, hiyo milioni ni mzigo mpya dukani. Kwa muuza mabelo, ukimpa gari la 1.0 atakwenda safari mbili badala ya moja, na milioni yote inarudi palepale. Kabla ya kupiga hesabu, angalia bei mpya ya EWURA. Inabadilika kila mwezi.

Usikubali cc za mdomo. Dalali anaweza kukuambia "hii ni 1.3" na yeye mwenyewe hajui. Soma namba ya chasisi kwenye kadi, kisha ilinganishe na iliyopo kwenye gari. IST ya kwanza: NCP60 ni 1.3, NCP61 ni 1.5, NCP65 ni 1.5 ya kuvuta matairi yote manne, na hii ya mwisho kwa mjini huihitaji. Passo ya kwanza: KGC10 ni 1.0, QNC10 ni 1.3. Spacio ya pili: NZE121 ni 1.5, ZZE122 ni 1.8.

Ukiagiza Japani, ushuru wa bidhaa unaangalia cc: mpaka 1000 ni sifuri, 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5. Kwa hiyo kati ya 1.3 na 1.5 kiwango ni kilekile. Kinachouma zaidi ni umri wa gari. Likizidi miaka 10 kuna nyongeza ya asilimia 30. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela, maana bajeti ikisomwa viwango vinaweza kubadilika.

Injini za D4. Hizi zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Siyo mbaya kwa asili yake, ila zinataka mafuta safi na fundi anayezijua, na pampu yake ya presha ni ghali. Biashara bado changa? Zipite.

Na gesi je? Kwa anayetembea sana, gesi inapunguza gharama kweli, na DIT pale mjini wanafunga mifumo hiyo. Lakini jiulize mtungi utakaa wapi. Kwenye gari dogo unakaa kwenye buti, na buti ndiyo stoo yako. Nguvu nayo inapungua kidogo, kwa hiyo 1.0 yenye gesi na mzigo wa samaki ni kujitafutia maneno.

Mwisho, siku ya kukagua fika asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla yako. Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Kisha pakia uzito unaobeba kila siku, washa AC, pandisha kilima. Injini itakujibu yenyewe, na haina kamisheni.

Kabla ya kuuliza "cc ngapi", andika vitu vitatu: kilo unazobeba, njia unayopita, na km zako za mwezi. Ukishaviandika, jibu unalo tayari.

Mtumie mwenzako anayetafuta gari kabla hajalipa.