Mseto Ulianzia Chunguni: Kiswahili na Orodha za Vyakula Mikahawani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika historia ya vyakula vya Afrika Mashariki, methali hii imetimia mara nyingi. Siku hizi kumezuka mijini mikahawa inayojinadi kwa mapishi yenye asili ya Asia yaliyochanganywa na mapishi ya kwingineko. Mteja huelezwa kwamba ameletewa jambo jipya, naye hulilipia kwa bei ya jambo jipya. Makala haya yanashikilia kwamba upya huo ni wa jina tu, na jina lenyewe ni la Kiingereza. Kiswahili kilikwisha kuyapokea mapishi ya aina hiyo na kuyapa majina kabla mikahawa hiyo haijajengwa. Kuyanyima majina hayo leo ni kuidunisha lugha, na zaidi ya hayo, ni kumdhulumu mlaji.

Mfano ulio wazi ni Kenyenya, mji mdogo wa Bomachoge katika Kaunti ya Kisii. Anayeingia katika hoteli ya kawaida sokoni hapo hahitaji mkalimani. Hutajiwa chai ya maziwa, chapati kwa maharagwe, dengu, samosa, pilau na kachumbari. Pamoja na hivyo hutajiwa ugali, ambao Mgusii huuita obokima, na mboga za chinsaga. Mteja aweza kuagiza kwa Ekegusii, mhudumu akajibu kwa Kiswahili, na hesabu ikafanywa kwa lugha zote mbili bila ya yeyote kutahayari. Hakuna anayeuliza chapati ni nini. Ilhali chapati, samosa, pilau na kachumbari ni wageni waliotoka Asia, na hata chai inayochumwa katika milima ya Gusii ni mmea wa Asia uliopandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Kwa maneno mengine, mchanganyiko unaotangazwa mijini kwa mbwembwe huliwa Kenyenya kila siku.

Wageni hawa waliingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni bahari. Kwa karne nyingi kabla ya ukoloni, majahazi yalisukumwa na kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi hadi pwani yetu, yakirudi kwa kusi. Njia ya pili ni reli. Kuanzia mwaka 1896 hadi reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Waingereza waliajiri zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wafanyabiashara wenzao wakaendelea kuja na kufungua maduka hadi miji ya bara kama Kisii. Mnamo Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Chapati yao ilikuwa imekwisha kupata uraia zamani.

Lugha imehifadhi alama za safari hizo. Mswahili wa pwani husema sambusa, neno linalokaribiana na Kiajemi na Kiarabu. Mkenya wa bara husema samosa, kama isemwavyo Bara Hindi. Chakula ni kimoja, lakini kila neno linaonyesha njia lililopitia. Pilau na biriani ni maneno yenye asili ya Kiajemi; bajia, achari na dania yanahusiana na lugha za Kihindi. Yote haya yamekubali sarufi ya Kiswahili. Tunasema chapati hii na chapati hizi, chapati yangu na chapati zangu, na hakuna kamati iliyowahi kukaa kuamua ngeli yake. Walaji na wapishi ndio walioamua, huku wakila na kupika.

Hali kadhalika, neno la kuyaita mapishi yaliyochanganywa halihitaji kubuniwa. Neno hilo ni mseto. Kwa asili, mseto ni chakula kinachopikwa kwa kuchanganya mchele na choroko au kunde katika chungu kimoja. Bara Hindi nako hupikwa chakula cha jinsi hiyo kwa jina la khichdi. Kutoka chunguni neno hili lilitanuka maana hadi likafika bungeni: serikali iliyoundwa Kenya mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliitwa serikali ya mseto, na hakuna raia aliyeshindwa kuelewa. Ni ajabu basi kwamba neno lililotoka jikoni, likatosha kutajia utawala wa nchi nzima, linaonekana halitoshi kurudi jikoni.

Kuna watakaodai kwamba Kiswahili hakina hadhi katika mapishi ya kimataifa. Madai hayo hayana mashiko. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda na kuwapa siku 90 tu, wengi wao walihamia Uingereza. Waliondoka na mali kidogo, lakini waliondoka na maneno. Hadi leo, katika mikahawa ya Waasia wa Afrika Mashariki jijini London na Leicester, muhogo huitwa mogo, na kuku wa kupikwa kwa nazi huitwa kuku paka. Mapishi hayo ni ya mikono ya Kihindi, yanaliwa Ulaya, na yanaitwa kwa Kiswahili. Ikiwa Mwingereza wa Leicester huagiza mogo bila kusitasita, kwa nini mkahawa wa Nairobi uone haya kuandika muhogo?

Suala hili si la maneno matupu. Chukua mfano wa mzazi kutoka Kenyenya anayesafiri kuja kumwona mwanawe akihitimu chuo kikuu. Baada ya sherehe, familia humpeleka katika mkahawa wa kifahari ili naye ajisikie ametukuzwa. Huko hukabidhiwa orodha ndefu ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, pengine na maneno ya Kijapani na Kitai humo ndani. Mzazi huyu anasoma Kiswahili vizuri, lakini siku ile hugeuzwa kuwa asiyejua kusoma. Humwachia mwanawe amchagulie. Akitaka kujua kama chakula kina njugu zinazomdhuru, au chumvi nyingi aliyokatazwa na daktari, sharti aulize kwa sauti mbele ya watu, au anyamaze na kubahatisha. Huenda hatimaye akaletewa wali uliochanganywa na dengu, yaani mseto wenyewe, kwa jina asilolijua na bei asiyoitarajia. Karamu iliyokusudiwa kumheshimu huwa imemfunza kwamba lugha yake haikualikwa.

Wenye mikahawa watajitetea kwamba biashara ni kuvutia wateja, na kwamba Kiingereza huvutia watalii na wenye pesa. Hoja hii ina ukweli kiasi, na hakuna anayedai Kiingereza kifutwe. Hata hivyo, karatasi moja hutosha kubeba lugha mbili. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu anachokinunua. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mlaji ni habari iliyofichwa mbele ya macho yake.

Pingamizi jingine hutoka kwa wasomi wenyewe, wanaodai kwamba istilahi hazipo. Uchunguzi mdogo tu waonyesha kinyume. Tambi zimo. Mchaichai umo. Ukwaju, nazi, tangawizi, iliki, bizari, mchuzi, wali wa kukaanga na mishkaki, yote yamo, na ni yayo hayo yanayoujaza ukurasa wa mkahawa wa Kiasia. Pale ambapo neno halipo, na likopwe jinsi chapati ilivyokopwa. Sushi, kwa mfano, lina silabi wazi na linatamkika bila taabu. Litajipatia ngeli lenyewe mara walaji watakapolizoea. Kinachokosekana ni ari, wala si istilahi.

Ari hiyo yapasa kuanzia vyuoni. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huadhimishwa kwa hotuba na mashairi. Yafaa wanafunzi wa Kiswahili waongeze kazi moja isiyo na shangwe: kukusanya maneno ya hotelini, kuanzia Kenyenya hadi Lamu, kabla hayajapotea, na kuwasaidia wenye mikahawa kutafsiri orodha zao. Wahadhiri nao wayakubali maneno hayo kuwa mada halali ya tasnifu. Ubao wa hoteli ulioandikwa kwa chaki ni matini. Una msamiati, una rejista, una historia ya ukopaji, na unasomwa kila siku na watu wengi kuliko riwaya tunazozichambua.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Mseto wa kweli ni chungu ambamo kila punje ina nafasi yake. Chapati ilipoingia Gusii haikukifuta chinsaga, bali vilikaa meza moja. Mikahawa mipya inayotaka kuchanganya Asia na Afrika haina budi kukumbuka kwamba Afrika nayo ina majina. Chinsaga kikipikwa kwa tangawizi na kupakuliwa juu ya tambi, kiitwe chinsaga, kisiitwe majani ya kigeni ili kupandishiwa bei. Mpishi aliye huru kuchanganya viungo apendavyo hana uhuru wa kumpokonya mlaji jina la chakula chake.

Kiswahili ni lugha iliyokua kwa kupokea wageni na kuwapa majina. Hoteli za Kenyenya zinaendeleza kazi hiyo kila asubuhi, bila ruzuku na bila kongamano. Ni wajibu wa wasomi wa Kiswahili kuhakikisha kwamba mzazi yule, atakapoalikwa tena mezani, ataisoma orodha mwenyewe na kuagiza kwa kinywa chake.