Bunge Lilipomzika Mama Aliye Hai

Vijana wenzangu, ile hoja ya "limepitishwa na Bunge, basi ni halali" mnaijua. Mtu akishaitoa anadhani kamaliza mjadala. Leo twende Uingereza ya mwaka 1474, huko ambako darasani tunafundishwa ndiko sheria zetu nyingi zilikotokea, tuone Bunge lilivyoamua kwamba mwanamke anayepumua ahesabiwe maiti.

Anaitwa Anne Beauchamp, Countess wa Warwick. Tuelewane kwanza: Duke, Earl, Countess hayakuwa majina ya kuitana kwenye karamu tu. Nyuma ya cheo kulikuwa na mashamba, ngome, kodi za wakulima na watu wa kupigana. Mumewe, Richard Neville, vitabu vinamsifu kuwa ndiye aliyekuwa akiwaweka na kuwatoa wafalme. Sawa, lakini huo u-Earl wa Warwick aliupata kwa mkewe! Mama ndiye aliyerithi kwao mwaka 1449, mume akapanda kupitia yeye.

Aprili 14, 1471 Neville aliuawa kwenye vita vya Barnet akipigana na Mfalme Edward IV. Mjane akakimbilia abasia ya Beaulieu kujihifadhi. Huku nje mali yake ikawa inagombewa na wadogo wawili wa mfalme, ambao wote ni wakwe zake: George, Duke wa Clarence, mume wa binti yake Isabel, na Richard, Duke wa Gloucester, aliyemwoa binti wa pili, naye anaitwa Anne.

Sasa angalieni ujanja. Njia iliyozoeleka ilikuwa kumtangaza marehemu kuwa mhaini, mali itaifishwe. Jamaa hawakuitaka. Mali iliyotaifishwa ni ya mfalme, na alichokupa mfalme leo kesho anakunyang'anya. Walitaka waitwe warithi halali kupitia wake zao. Tatizo mama mkwe yuko hai, na sehemu kubwa ya mali ni yake mwenyewe, si ya mumewe. Basi Bunge likatunga sheria: mali igawanywe kana kwamba Countess ameshakufa kifo cha kawaida. Mfalme akaridhia. Mlemle wakachomeka kifungu kwamba hata ndoa ya Richard na Anne ikivunjwa, Richard abaki na mgawo wake ilimradi asioe mwingine wakati Anne yu hai. Aliyeandika kifungu hicho alijua anachokifanya.

Na Magna Carta je? Ile ya 1215 tunayoikariri kwa ajili ya mitihani, kifungu cha 7 kinasema mume akifa, mjane apewe urithi wake mara moja bila usumbufu. Mama huyu hakukaa kimya. Aliandika kwa mfalme, kwa malkia, kwa mama wa mfalme, mpaka kwa Bunge lenyewe, akieleza kwamba amekosa makarani hivyo anaandika kwa mkono wake. Eti maiti anaandika barua!

Mtoto wa mdogo wake Neville, George, alikuwa Duke wa Bedford. Mwaka 1475 sheria nyingine ikamfungia mlango wa urithi wa ukoo wake. Mwaka 1478 Bunge likamvua na cheo, kwa sababu kwamba hana mali ya kukibeba. Wanakufukarisha, halafu wanakuhukumu kwa ufukara. Mwaka huohuo Clarence mwenyewe akauawa kwa uhaini, kwa sheria ya Bunge hilohilo.

Mwaka 1487 Henry VII "akamfufua" Countess, akamrudishia mali zake kwa sheria. Ndani ya wiki chache mama akasaini karibu zote ziende kwa mfalme. Mjukuu wake Edward, mtoto wa Clarence, ambaye angezirithi, alikuwa kifungoni kwenye Mnara wa London. Bibi alifariki mwaka 1492, miaka 18 baada ya Bunge kumzika. Edward alikatwa kichwa mwaka 1499.