Tatizo ni tuta, si joto

Wadau, juzi usiku chumbani kwetu palichimbika. Washkaji wangu wawili wa fizikia wamekomaa kwamba kuunganisha viini vya atomu kama jua lifanyavyo ni suala la joto tu: fikisha nyuzi milioni 150, plazima iwe safi, kazi imekwisha. Walinizidi kelele, kwa hiyo nawajibu humu.

Mimi mtoto wa Ubaruku. Kwetu jaruba la mpunga halipasuki katikati, linapasuka kwenye tuta. Plazima nayo ina tuta lake. Mwaka 1982, pale Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona kwenye mtambo wa ASDEX kwamba ukingo wa plazima unaweza kujijengea tuta ghafla, joto likabaki ndani. Raha tupu! Ila msukumo ukizidi, tuta linapasuka. Mpasuko huo ndio wataalamu wanauita ELM: ukiwa mkubwa, asilimia kadhaa ya nishati ya plazima inamwagika nje kwa muda usiofika hata milisekunde moja. Mitambo ya leo inavumilia. Kwenye mtambo mkubwa kama ITER, unaojengwa Ufaransa, mipasuko ya hivyo ikijirudia itayeyusha uso wa ukuta wa tungsteni. Hapo joto lenu litawasaidia nini?

Na huo usafi? Mtambo wa JET wa Culham, Uingereza, ulivua ukuta wa kaboni na kuanza kazi na ukuta wa berili na tungsteni mwaka 2011. Kaboni ikapungua sana kwenye plazima, lakini uwezo wa kutunza joto nao ukashuka! Walipopuliza nitrojeni kidogo, gesi hii hii iliyojaa kwenye hewa tunayovuta, sehemu ya uwezo ule ikarudi. Tena gesi ngeni kama nitrojeni na neoni hung'aa ukingoni, zikatawanya joto kama mwanga badala ya kuliacha lipige sehemu moja ya ukuta. Majaribio ya neoni pale JET yameonyesha hata mipasuko inaweza kuwa midogo midogo.

Msinielewe vibaya, sitetei kila uchafu. Tungsteni ikipenya hadi katikati, inapoteza nishati kwa mionzi na plazima inaweza kuzimika. Na ELM hizo hizo husaidia kuifagia nje, kwa hiyo ukizizima zote bila mpango umejifungia takataka ndani. Nitrojeni nayo ikikutana na tritiumu inazaa amonia, shughuli nyingine hiyo kwa wanaosafisha mafuta ya mtambo.

Oktoba 2023 JET ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu za mafuta, na Desemba ikafanya majaribio yake ya mwisho. Joto lilikuwepo, jamani! Kazi iliyobaki kubwa iko ukingoni.

Mkulima wa kwetu hangoji tuta lisombwe. Anatoboa mlango mdogo, maji yatoke taratibu. Ndicho kinachotafutwa huko: uchafu sahihi, mahali sahihi, kwa kiasi.

Washkaji, uwanja ni wenu. Ila safari hii njooni na hoja, kelele mziache mlangoni. Nawasilisha.