Kishona nguo si gugu la kudharauliwa

Bila shaka, msomaji, umewahi kufua soksi za mtoto wa shule ukakuta zimejaa vijisindano vyeusi visivyotaka kung'oka. Hizo ni mbegu za kishona nguo, mmea ambao Wakikuyu huuita mucege na Waluo huuita onyiego. Huota shambani, kando ya barabara, nyuma ya nyumba na hata kwenye uwanja wa mpira. Wakulima huulaani, kwani mmea mmoja tu huweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000.

Lakini je, wajua kwamba gugu hili ni mboga na vilevile ni dawa?

Asili ya kishona nguo ni nchi za joto za bara la Amerika, ingawa siku hizi kimeenea karibu kote Afrika. Ni ndugu wa alizeti. Ua lake lina kitovu cha manjano, na mara nyingi petali chache nyeupe pembeni. Wataalamu hukiita Bidens pilosa, jina kilichopewa na Carl Linnaeus mwaka wa 1753. Bidens maana yake ni meno mawili, na ukiichunguza mbegu utayaona meno hayo yenye miiba midogo. Ndiyo yanayong'ang'ania soksi.

Wazee wetu walikitumia kwa mengi. Mchungaji aliyejikata alisugua majani mabichi viganjani na kukamulia maji yake kwenye jeraha ili damu ikome. Majani yaliyochemshwa yalinywewa kutuliza tumbo na mafua. Aidha, machipukizi machanga huchumwa kabla ya kutoa maua, yakachemshwa na kuchanganywa na mboga nyingine ili kupunguza uchungu.

Sayansi nayo haikuyapuuza hayo. Katika maabara, dawa zilizomo ndani ya mmea huu zimeonyesha uwezo wa kuua aina kadhaa za bakteria. Wachunguzi wa Brazil waliona kwamba maji yake hupunguza vijidudu vya malaria ndani ya chupa za maabara, na wenzao wa Taiwan wakapata kwamba hushusha sukari katika damu ya panya.

Hata hivyo, msomaji, chupa si mwili wa mtoto, na panya si binadamu. Hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika ni vikombe vingapi vinavyotibu na vingapi vinavyodhuru. Kwa hivyo mtoto akipatwa na homa, usimkalishe nyumbani siku tatu ukimchemshia majani. Mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo, kwa sababu malaria huweza kumuua mtoto mdogo kwa muda mfupi sana. Akihema mbiombio au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, kimbia hospitalini. Huenda ikawa nimonia.

Mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge naye ajihadhari. Akiongeza dawa hii bila kumwambia daktari, sukari yaweza kushuka kupita kiasi na kumfanya azirai. Mama mjamzito ni heri asiinywe kabisa.

Jambo jingine ni mahali unapochuma. Wachunguzi nchini China walipata kwamba kishona nguo hufyonza kadmiamu kwa wingi kutoka ardhini na kuihifadhi katika majani na shina. Kadmiamu ni madini ya sumu yanayoharibu figo, nayo hupatikana katika taka za viwanda na baadhi ya betri kuukuu. Kupika hakuiondoi. Basi hayo majani mazuri yanayositawi kando ya mtaro wa maji machafu, karibu na jaa la taka au nyuma ya gereji, yaache hapo hapo. Ukitaka mboga hii, chuma katika bustani unayoijua na ambayo haijanyunyiziwa dawa ya wadudu wala ya kuua magugu, kisha uyaoshe majani vizuri.

Na kidonda je? Ukijikata mjini, maji safi na sabuni ndiyo dawa ya kwanza, kisha bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Jani lililookotwa chini laweza kuwa na udongo wenye viini vya pepopunda. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Jeraha likiwa la kina au lenye uchafu, nenda zahanati ukaulize kuhusu sindano ya pepopunda, hasa ikiwa hukumbuki ulichomwa lini mara ya mwisho.

Waonyeshe watoto mmea huu mnapotembea Jumapili hii. Wakiujua sura, jina na hatari zake, watakuwa wamepata elimu ambayo bibi zao walikuwa nayo, na nyongeza juu yake.