Upepo Hauna Hati, Shamba Linayo

Wiki hii tunazungumza na jamaa zetu wa Kwamsisi na wa vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, juu ya jambo ambalo bado halijawabishia hodi. Nchi ile imekwisha wazoea wageni wa ardhi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani limepangiwa njia mkoani humo, na tangu mwaka 2022 Msomera imepokea familia zilizotoka Ngorongoro. Mitambo ya upepo nayo si hadithi ya Ulaya tena: Mufindi kuna mitambo midogo yenye jumla ya megawati 2.4, na upepo wa Singida umezungumzwa miaka mingi. Anayekuja kesho hujadiliwa leo.

Wala hatuupingi upepo. Umeme usiochoma mafuta wala kukata msitu ni neema, na kati ya mnara na mnara mtu anaweza kulima mahindi yake au kuchunga mbuzi wake. Tunachokiogopa ni karatasi.

Tuangalie Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Karibu na Ziwa Turkana imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, mradi uliozinduliwa rasmi Julai 2019. Eneo lililoandikwa kwa jina la mradi lilikuwa ekari 150,000, ilhali mitambo yenyewe imechukua sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Wafugaji wa pale, Warendile, Waturkana, Wasamburu na wengineo, walikuwa wakiitumia ardhi ile kwa malisho na maji tangu enzi za mababu, na haikuwa na hati mkononi mwa mtu. Ilishikwa na halmashauri kwa amana. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kuwa hati zile zilipatikana bila kufuata sheria. Mapanga yalikuwa yakizunguka tangu zamani. Haki iliyokuja baada ya zege kukauka ni haki ngumu kuila.

Kuna jambo jingine ambalo wanakijiji hudanganyika nalo, mara nyingi bila mtu kuwadanganya. Umeme wa pale husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kwa waya wa msongo mkubwa. Waya wa namna hiyo hauwezi kuwasha taa ya nyumba iliyo chini yake. Lazima kijengwe kituo cha kupoza umeme, kisha nguzo ndogo, kisha transfoma. Basi anayeahidiwa kuwa mradi utaleta umeme kijijini na aulize: kituo hicho kimo katika mkataba, au kimo katika hotuba?

Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Ule ulikuwa mradi wa megawati 60 katikati ya wakulima wenye vishamba vidogo. Hofu ya kuhamishwa na ya maradhi ilienea, maandamano yakazuka mwaka 2015, roho ya mtu ikapotea, na mwaka uliofuata mradi ukafutwa. Hofu nyingine hazikuwa na msingi, tunavyoona sisi, lakini watu wasioelezwa kitu hujieleza wenyewe.

Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji nafasi yake. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na eneo halizidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye mwenye uamuzi baada ya kuyapata mapendekezo ya kijiji. Kwa hiyo muhtasari wa kikao si karatasi ya kufungia vitumbua. Mama zetu nao wahudhurie, wakae mbele, wahoji.

Na sasa tuje nyumbani, maana huku ndiko tunakoogopa zaidi. Mashamba mengi ya kwetu hayajagawanywa. Babu alifariki, baba akalima, baba akafariki, kaka mkubwa anaendelea kulima. Siku mthamini anapofika na fomu, jina linaloandikwa ni la aliyekutwa shambani. Dada aliyeolewa Korogwe hayumo. Mjane, ambaye thumni yake imewekwa na Mola wake mume anapoacha watoto, anaambiwa atatunzwa. Fidia ya mara moja ikiliwa hivyo, ni dhulma ya siku moja. Kodi ya mnara hulipwa miaka ishirini na zaidi, na shamba la warithi likikodishwa, kodi yake ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Kaka anayeipokea peke yake kila mwaka anakula haki ya yatima kila mwaka, hata kama ndiye anayepalilia. Kupalilia kuna ujira wake, hakufuti urithi.

Tunashauri kila familia ikae kikao kabla mgeni yeyote hajafika. Yaandikwe majina ya warithi wote, waume kwa wake, waliopo na walio mbali. Ipandwe mipaka, yatajwe makaburi na michungwa, na nakala ya orodha ikabidhiwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na nyingine ibaki kwa mama. Na mkataba ukija, lisomwe kwanza lile fungu la mwisho ambalo wengi hawalifikii: mapanga yakichakaa, nani atauteremsha mnara, na zege lililofukiwa shambani litachimbuliwa kwa gharama ya nani?